Mwanangu, hiyo panya umeitoa wapi?

Pacifique mwanangu,

Nimeona foto uliyoweka ku status, nyoka imejizungusha, mkia wa panya unaning'inia mdomoni, na chini yake umeandika "chakula cha jioni" na zile vichwa vya kucheka. Watu wamecheka. Tantine yako wa Bagira akanipigia simu saa ile ile kuuliza kama umeingia mambo ya giza, nikamwambia hapana, mtoto anasoma udaktari wa wanyama, iko ku masomo. Mimi ya giza haikunisumbua. Nilikuuliza kitu kimoja tu ku simu, ukanijibu "mama usijali" ukakata, sasa nakuandikia ili ukae chini usome: hiyo panya umeitoa wapi?

Juu panya za kufuga nazijua, za maabara, ziko nyeupe na macho mekundu. Ile ya ku foto ilikuwa ya kijivu, masikio makubwa, mkia mrefu kupita mwili wenyewe. Hiyo ni panya ya plafo, ya juu ya dari, Pacifique. Hiyo ilishuka mu plafo ya bayere wako, mwenye nyumba, na bayere wako anamwaga dawa ya panya, sikuota, ni wewe uliyenilalamikia harufu ya panya iliyofia juu ya kitanda chako wiki nzima.

Sasa sikiliza, ata kama uko ku faculté huko Lubumbashi na mimi ni infirmière tu, muuguzi wa santre ya afya hapa Kadutu, Bukavu. Dawa za siku hizi, zile tembe za pinki na zile za bluu, haziui panya siku ile ile. Panya inakula leo, kesho inatembea vizuri, kesho kutwa bado inatembea, damu yake imeanza kukataa kuganda, inavuja ndani polepole, siku ya nne au ya tano ndiyo inalegea, inatoka mchana, inakaa katikati ya nyumba inaangalia watu. Ndiyo maana dawa hizo zinapendwa, juu panya ni mwerevu, ikionja kitu kidogo ikaugua pale pale, haitakigusa tena. Basi nikuulize wewe mwenye akili: panya gani inakubali kukamatwa na mwanafunzi mwenye beseni? Ile nzima? Panya nzima ya plafo haikamatwi na mtu, paka mwenyewe inamshinda. Ile uliyoshika kwa mkono, ukafurahi, ukapiga foto, ndiyo ile ya siku ya nne. Na yote iliyomo ndani yake imeingia mu nyoka yako.

Hapa mtoto akileta midomo ya pinki juu amekula ile tembe, tunampa vitamini K, tunamfuatilia siku nyingi maana ile dawa inakaa ndani ya mwili, haitoki haraka. Nyoka yako utaipa vitamini K? Pengine utaipa, mtasoma hiyo mu kitabu. Lakini kabla ya kufika huko ungeuliza tu panya imetoka wapi.

Sina neno na nyoka yenyewe, usije ukasema mama hapendi. Ile odio ndefu uliyonitumia nimeisikiliza yote, nimeelewa ni nyoka ya nyumba, haina sumu, ina ile mistari miwili ya rangi ya maziwa inayoanzia ku pua inapita ku jicho, inatembea usiku, inakaza panya mpaka inakufa ndiyo inameza. Sawa. Hizo zinauawa kila siku huku na watu wanaowafuga panya bure, na mimi mbele ya majirani nimekutetea, nimesema mtoto wangu ameshika mu mikono kitu ambacho nyinyi mnakikimbia na matako nje. Nilisema hivyo ku kanisa kabisa, mama mchungaji akaangalia pembeni.

Lakini ile hesabu yako ya kwamba nyoka itamaliza panya za parseli nzima, uwanja wote wenu, hiyo hapana, hiyo nimecheka peke yangu ku kitanda. Nyoka ya ukubwa ule inakula mara moja kwa wiki, au siku kumi, panya moja ya unene wa tumbo lake, basi. Panya jike inabeba mimba siku 21 mpaka 23, inazaa sita, nane, na hao watoto kufika miezi mitatu nao wanazaa. Wewe ulikuwa wa kwanza ku hesabu darasa zima. Fanya hiyo. Nyoka iko mu sanduku imefungwa, inangojea umletee, panya ziko huku juu zinaoana. Ya kupunguza panya ni kufunga chakula mu bidon ya chuma, kuziba matundu, ata lile la kuingia kidole gumba ziba, weka zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria halafu simiti juu, na mtego. Mtego, siyo dawa. Umwambie bayere hivyo kwa heshima, mtu mzima haambiwi mbele ya bibi yake. Mimi hapa nimebakisha kidogo ya pinki nyuma ya gunia ya mahindi, hiyo ni mambo yangu, hapa hakuna mtu anafuga nyoka.

Na sasa ndiyo nimefika ku jambo lenyewe. Dada yako Neema anakuja na mtoto wake Gloire. Bwana yake hajapata nyumba bado, amesema mwezi moja, mimi nasema miezi mitatu maana namjua, na mu ile miezi watakaa kwako mu kile chumba cha mbele. Gloire anatambaa. Kila kitu anachokuta chini anatia mdomoni, juzi nimemtoa msumari. Kama nyumba ina tembe za panya ku pembe za ukuta, Pacifique, mimi sitalala. Kabla hawajafika piga magoti, chukua tochi ya simu, angalia chini ya kila kitanda na nyuma ya kila kabati, uchunge ata ile iliyomegeka. Halafu unijibu kama umefanya, usiniambie usijali.

Na nyoka nayo, ata kama haina sumu, mavi yake na ngozi yake vina salmonela, wewe unajua kuliko mimi, mtoto wa chini ya miaka mitano hafai kuishika wala kushikwa na mtu aliyeishika sasa hivi. Usioshe beseni ya nyoka kwenye mnaoshea sahani. Ndoo yake iwe yake, sabuni, mbali. Sanduku ifungwe na kitu kizito au kufuli ndogo, nyoka inasukuma na pua usiku kucha mpaka inapata upenyo, na Neema akikuta ile kitu mu chumba chake saa nane ya usiku hatarudi kwako, atarudi kwangu, na mimi ndiye nitasikia mwaka mzima.

Kuhusu chakula yake basi, ufanye hivi. Ku faculté kuna panya nyeupe, ongea na ile asistenti mwenye alikusaidia ku travo pratike, masomo ya vitendo, omba jike mbili na dume moja, uzifuge mu beseni yenye wavu juu, zinakula mahindi, mkate mkavu, kidogo ya fretin, wale samaki wadogo wakavu, hazina gharama. Hapo unajua imekula nini na imezaliwa wapi. Na usimpe nyoka panya hai halafu ukaenda kulala! Nilikuona ku ile video nyingine, panya iko ndani inatembea juu ya mgongo wa nyoka, wewe unaongea na wenzako. Panya ikikosa kuliwa inageuka, inauma, meno yake ya mbele yanafika ku mfupa, inaweza kumtoa nyoka jicho. Uiue kwanza namna mlivyofundishwa, haraka, isiteseke, halafu umpe na koleo, siyo na vidole. Zile za kubaki unaweza kugandisha lakini siyo mu frigo ya mama bayere, pale penye anaweka nyama yake na fretin, huyo mama ni mpole lakini siku atafungua karatasi akute mikia, mtatolewa wote na mizigo. Tafuta kongelateri ya wenzako wa faculté. Na usidhani baridi inaua vidudu, inavilaza tu, mikono inaoshwa vile vile. Ya kugandisha unaiweka mu sachet, sachet mu maji ya moto, mpaka ndani imelegea kabisa, maana katikati ikibaki barafu nyoka itatapika.

Ata bila barafu itatapika kama iko na baridi. Neema anafika mwezi wa sita, na mwezi wa sita wa Lubumbashi siyo wa kucheza, usiku inashuka mpaka digri kumi na chini yake, wewe mwenyewe uliomba blanketi ya pili. Nyoka haina moto yake, inameza halafu chakula inakaa mu tumbo inaoza. Weka chupa ya maji moto imefungwa kitambaa ku upande moja wa sanduku, upande mwingine uache baridi ili ijichagulie. Ikisha kula usiishike siku mbili. Na kama umeme umekatika siku nyingi usimlishe kabisa, nyoka kushinda njaa mwezi haina shida, sisi ndiyo tungelia.

Ile panya ya ku foto, tena. Sikuuliza tu juu ya dawa. Panya ya nje ina viroboto, panya ikifa viroboto vinaitoka vinatafuta mwili mwingine wa moto, na mwili wa moto mu kile chumba ni wako. Ituri wangali wanapata tauni mpaka leo, siyo hadithi ya Biblia, na mkojo wa panya una ugonjwa mwingine wa kuharibu ini na figo. Ulivaa glovu? Ku foto sijaona glovu. Naona saa ile niliyokununulia tu.

Kingine, kifupi. Sasa umejulikana kuwa mtu wa nyoka, watu watakuletea. Mtu akichimba fondasioni akakuta kanyoka kadogo keusi, macho kama tundu ya sindano, kichwa hakijulikani pa kuanzia shingo, mkia mfupi wenye ncha, usikashike, ata kwa nyuma ya kichwa, ata kama wenzako wanaangalia. Kale kanatoa jino kwa pembeni mdomo ukiwa umefungwa, kanakuchoma ukiwa umekashika vizuri kabisa, na serum yake, dawa ya kupinga sumu, hakuna. Mwaka 2017 OMS, shirika la afya la dunia, imeandika kuumwa na nyoka mu listi ya magonjwa yaliyosahaulika, sisi tulicheka ku santre, tukasema wamesahau nani, frigo yetu ya serum ina maji ya kunywa. Ukitaka kujifunza nyoka za hatari, likizo ukija panda mpaka Lwiro, ku kile kituo cha utafiti, kuna watu pale wamezisomea maisha yao yote, wakuonyeshe zile za mu chupa.

Babako hajaona foto, simu yake imepasuka kioo, na usimtumie. Anakaa vizuri, mguu umepungua kuvimba. Amesema ukimaliza mwaka huu atauza ile kiwanja ya Panzi akulipie stage, yale mafunzo ya kazi, mimi nimemwambia kiwanja haiuzwi, tumegombana kidogo, tumepatana. Minervali ya mdogo wako Josué, karo ya shule, tumelipa nusu, nusu nyingine watangoja. Mti wa avoka, parachichi, umezaa sana mpaka tawi limevunjikia ku bati la jirani, wameita chefu wa avenue, tutalipa bati moja, siyo mbili, juu ile ya pili ilikuwa na kutu tangu zamani na kila mtu anajua.

Neema anabeba maharagwe nusu gunia, sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa, na ile koti yako ya zamani ya babako, nimebadilisha vifungo. Sambaza usiache mu sachet ata usiku moja, harufu yake itaita panya za avenue mzima. Natuma na ile bidon ya chuma ya unga wa maziwa, kubwa, inaingia yote. Kifuniko chake Josué alikifanya tairi ya gari, kimepinda, sijui kama kitakaza, ukione kwanza. Kikikataa nunua huko sahani ya chuma uweke na jiwe juu.

Mama yako