Kwa nini tunakulipisha kung'oa maua yako mwenyewe na kuyarudisha ardhini

"Kaka, nimekuita unipunguzie msongamano, wewe umenikatia bustani nzima. Majani umeyafyeka, maua umeyapanda mbalimbali, udongo mtupu kila mahali, na gari lenu limeondoka limejaa miche yangu. Mnakwenda kuiuza?"

Simu hiyo ilitoka kwa mama mmoja wa Njiro, mteja wetu wa muda mrefu, na maneno yake si mageni kwetu. Kila tukigawa airisi za mtu, yaani kung'oa kichaka cha maua hayo na kukitenganisha vipande vya kupanda upya, ndani ya wiki moja simu inalia. Nimeona niandike ili ajaye asome kabla hatujaingiza jembe ardhini. Mtu aliyelipia kazi na kuona bustani yake imebaki visiki vya kijani ana haki ya kushtuka, na sisi tuna haki ya kueleza alicholipia.

Hapa Arusha anayesema airisi karibu kila mara anamaanisha ile iliyopandwa kando ya njia za magari, kwenye mahoteli na kwenye kipilefti: majani marefu, membamba, magumu, na ua jeupe lenye manjano na zambarau katikati. Jina lake la kitaalamu ni Dietes, jamaa wa karibu wa airisi. Aina moja, Dietes iridioides, ni ya kwetu kabisa. Inaota porini Afrika Mashariki mpaka Afrika Kusini. Dietes bicolor, yenye ua la manjano hafifu na madoa ya kahawia iliyokolea, asili yake ni Afrika Kusini. Airisi yenye ndevu, ya Ulaya, tunaikuta kwenye nyumba chache tu, na nitaisema baadaye kwa sababu wengi wanaitendea vibaya.

Mmea huu wa Dietes una tunguu linalotambaa chini ya udongo, mfano wa tangawizi, na kila mwaka linachipua pembeni. Ukiuacha miaka mitano, sita, uhai wote unakuwa umehamia pembezoni. Katikati kunabaki matunguu makavu yasiyo na chipukizi, majani yaliyokufa yamelala, konokono wamejificha humo, na mizizi imeshikana kiasi kwamba mvua ikinyesha maji yanapita juu tu. Ukisimama barazani unaona kichaka kikubwa cha kijani, unasema kina afya. Kisha unashangaa mbona maua ni machache, unaongeza samadi. Samadi nyingi inaleta majani, na majani yanazidi kuzibana jua chipukizi zilizobaki.

Hapo ndipo anapoitwa kijana wa kutwa mwenye panga. Anakipasua kichaka katikati, nusu anaiacha palepale, nusu anaitumbukiza kwenye shimo upande wa pili wa njia, anamwagia maji, ndani ya saa mbili kazi imekwisha. Jioni ile bustani bado ni ya kijani na bei ilikuwa ndogo. Mteja anafurahi kwelikweli, na simlaumu, maana kwa macho hakuna kilichoharibika.

Kilichoharibika kiko chini. Panga linaponda tunguu badala ya kulikata, na palipopondwa pakikutana na udongo wenye maji ya masika panaanza kuoza. Ile katikati iliyokufa imehamishiwa shimo jipya, imechukua nafasi na mbolea bila kutoa hata jani moja. Na baya kuliko yote ni ndago, yale magugu sugu yanayofanana na nyasi. Kichaka cha zamani hakikosi ndago ndani yake. Majani yake yanafichwa na majani ya airisi, na vile vitunguu vyake vidogo vyeusi vinakaa katikati ya mizizi, mahali ambapo jembe la palizi haliwezi kufika. Ukihamisha kichaka kizima umehamisha na ndago, tena umezipandia kwenye udongo uliolainishwa na kutiwa mbolea.

Kuna nyumba ya wageni upande wa Usa River ilitukatalia bei ikafanya hivyo hivyo, njia nzima kuanzia getini mpaka mapokezi. Masika yaliyofuata ndago zilikuwa zimeenea mpaka kwenye ukoka. Walipotuita tena, haikuwa kazi ya kugawa maua tena. Tuling'oa kila kitu, tukachimba udongo kwa kina cha jembe na kuuchekecha kwenye wavu, tukaokota vitunguu vya ndago kimoja kimoja, ndipo tukapanda upya. Walilipa zaidi sana ya bei ile waliyoiona ghali, na ndago bado tunazifuatilia, kwa sababu kitunguu kimoja kilichosahaulika kinatosha kuanza upya.

Sasa sisi tunafanyaje. Tunaanza mbali na kichaka, tunazungushia jembe uma, tunakinyanyua kizima bila kukivuta kwa majani. Tunakilaza kwenye turubai, tunakipiga taratibu udongo udondoke, na kama udongo ni ule mfinyanzi mwekundu uliogandamana tunakiosha kwa maji mpaka matunguu yaonekane. Hapo kazi yenyewe inaanza: kutenganisha kwa mikono. Mara nyingi vipande vinaachana vyenyewe ukijua pa kuvutia. Vinavyogoma tunavikata kwa kisu kikali ambacho tumekifuta kwa spiriti, na tunakifuta tena kabla ya kichaka kinachofuata. Kipande tunachokibakiza kina chipukizi hai, tunguu gumu ukilibonyeza kwa kidole gumba, na mizizi yake ya kutosha. Kinachobonyea au kunuka hakirudi ardhini, hata kama kina majani mazuri.

Majani tunayakata mpaka nusu au zaidi. Hili ndilo linalowaudhi watu kuliko yote. Mizizi mingi imekatika wakati wa kung'oa, haiwezi kuyanywesha majani yote yale. Ukiyaacha marefu yatakauka mmea ukiwa bado unahangaika kushika ardhi, na upepo utauyumbisha. Majani mapya yatakuja. Kuhusu kupanda mbalimbali, tunaacha nusu mita hivi kati ya shina na shina. Leo panaonekana patupu. Ukitaka pajae leo, tutaonana tena baada ya miaka miwili kwa kazi ileile, na wewe ndiye utakayelipa.

Tena Dietes hununa ikihamishwa. Usitegemee maua ya maana msimu ule wa kwanza. Tunalisema hili kabla ya kuanza, lakini naona linasahaulika haraka, kwa hiyo siku hizi tunaliandika kwenye karatasi ya makubaliano.

Kuhusu gari lililojaa: miche ni mali yako, yote. Kichaka kimoja kikubwa kinaweza kutoa vipande vingi kuliko nafasi uliyonayo. Vinavyozidi tunavifunga kwenye viroba vyenye unyevu na kukuachia kivulini. Gawia majirani, peleka kanisani au msikitini, uza ukitaka. Tunachopakia ni matunguu yaliyokufa, majani na ndago, na tunaomba mwenye nyumba aje aone lundo kabla halijapakiwa. Yule mama wa Njiro alikuwa kazini, lundo akaoneshwa mlinzi. Viroba vyake vilikuwa nyuma ya tangi la maji, na alipoviona tukaongea vizuri.

Bei yetu ni kwa kichaka, wala si kwa kutwa, na tunavihesabu pamoja nawe kabla ya kugusa chochote. Ukiona kubwa, kumbuka kwamba vichaka vya njia moja ya kawaida ya magari vinaweza kuwachukua watu wawili siku nzima wakiwa wamepiga magoti. Kijana mwenye panga anaweza kufanya kwa robo ya bei hiyo na hadanganyi, ila anauza kazi nyingine kabisa.

Sasa airisi yenye ndevu. Mzee mmoja wa Ilboru aliletewa matunguu na binti yake kutoka Ujerumani, akayapanda chini sana, kama alivyozoea kupanda vitu vya mizizi, akayamwagilia kila jioni. Tulipoyafukua, mengi yalikuwa uji wenye harufu mbaya. Airisi hii inataka kinyume cha Dietes karibu katika kila kitu. Mgongo wa tunguu lake ukae juu, ulione jua, au ufunikwe udongo kidogo sana. Mizizi ndiyo ishuke pande mbili. Baada ya kukata tunaliacha kivulini jeraha likauke kabla ya kupanda, wakati Dietes haitakiwi kukauka hata saa moja. Tunguu likishatoa ua halitoi tena. Maua yajayo yatatoka kwa watoto wake wa pembeni, kwa hiyo ukituona tunatupa lile kubwa nono na kupanda madogo, si kwamba tumekosea. Na kwa kuwa linapenda majira ya baridi kali, ukikaa sehemu za chini zenye joto nitakushauri uokoe hela yako.

Matunguu yake yana sumu kwa mifugo na utomvu unawasha ngozi. Tafadhali usimwachie jirani akawape mbuzi yale mabaki.

Nafasi za masika, Machi mpaka Mei, zinajaa mapema, na za vuli ni chache zaidi kwa sababu mvua yenyewe haitabiriki. Kiangazi hatugawi Dietes, hata ukiongeza bei. Ukitupigia, tutumie picha ya kichaka kwa karibu, majani yakiwa yamefunuliwa katikati, pamoja na picha ya ua lake. Na tafadhali usikate vile vikonyo virefu vya Dietes nyeupe baada ya ua kuanguka, kwa sababu vinatoa maua tena na tena kwenye kikonyo kilekile. Vya Dietes ya manjano vikishakauka, kata bila wasiwasi.