Ziwa Lililorudi Jangwani

Nakuru,
18 Februari 2024

Kwako Mama Pendo,

Natumai u buheri wa afya wewe na baba watoto, na kwamba joto la Kisumu halijawamaliza. (Unaona, sijasahau barua tulizoandikishwa darasa la sita.) Mimi nimerudi salama, mafua tu ndiyo niliyokuja nayo. Uliuliza habari za ile "safari ya wazimu", nikaona simu haitatosha.

Ni hivi. Kaka alipangiwa zamu za usiku mfululizo, na mimi sikuvuka bahari ili nikae sebuleni Las Vegas nikihesabu vigae. Nikakodi gari dogo, nikamwambia naenda Death Valley, hifadhi ya jangwa ng'ambo ya mpaka wa California. Alinipa masharti kama mzee wa boma: jaza tangi Pahrump, mji wa njiani, kwa sababu huko ndani mafuta ni ghali, beba maji mengi, na gari likikwama usiliache ukaanza kutembea. Simu usiitegemee, sehemu kubwa haina mtandao.

Hadi Furnace Creek, penye kituo cha wageni cha hifadhi, ni karibu kilomita 190, kama wewe kutoka hapo Kisumu kuja kwetu. Ila hakuna Salgaa ya kusimama, hakuna matatu ya kukupita kwenye kona, hakuna hata mbuzi. Niliondoka saa kumi alfajiri, giza totoro. Kule wanaendesha upande wa kulia, na kila nilipotaka kuwasha indiketa niliwasha waipa. Waipa, Mama Pendo, jangwani, kioo kikavu kinalia kwii kwii! Nilicheka mpaka nikanyamaza ghafla, maana hapakuwa na wa kucheka naye.

Halafu baridi. Huko Furnace Creek ndiko kulikopimwa nyuzi 56.7 mwezi Julai 1913, na hiyo bado inatambuliwa rasmi kama rekodi ya joto ya dunia, ingawa wapo wataalamu wanaoitilia shaka. Mimi nilishuka garini Zabriskie Point, mahali pa kutazamia bonde, jua halijachomoza, mwezi Januari, vidole vikakataa kufunga zipu. Sweta mbili, na juu yake ile leso uliyonipa nimejifunga kichwani kama nyanya anayekwenda kuchuma chai Kericho. Mbele yangu vilima vya udongo wa manjano vilivyokunjamana kama nguo iliyolaliwa. Ng'ambo ya bonde, mlima Telescope Peak wenye zaidi ya mita 3,360, umevaa theluji. Jua liliigusa theluji kwanza. Kule bondeni lilichukua muda wake kushuka, nami nikanywa chai yote.

Lakini nililotaka kukuambia hasa ni la Badwater. Hapo ndipo chini kabisa Amerika Kaskazini, mita 86 chini ya usawa wa bahari; ukitazama jabali lililo nyuma ya maegesho, juu sana utaona kibao kidogo kinachoonyesha bahari ingefika wapi. Nilitarajia chumvi tupu. Nikakuta ziwa. Agosti mwaka jana mabaki ya kimbunga Hilary yalimwaga kwa siku moja mvua ya mwaka mzima, barabara zikakatika, hifadhi ikafungwa hadi Oktoba. Maji yakatulia pale pale lilipokuwa ziwa la kale wanaloliita Lake Manly, lililokauka maelfu ya miaka iliyopita. Bonde lile halina mto wa kuyatoa, sawasawa na letu. Yakishaingia, ni kungoja jua.

Watu walikuwa kama wako harusini. Wanavua viatu, wanaingia, maji hayafiki hata magotini, wanapiga picha za mlima uliopinduka majini. Mama mmoja akaniuliza kama huo si muujiza. Nikamjibu ni muujiza, lakini nilikuwa nimesimama pembeni na viatu vyangu, nawaza ploti ya mama yako pale Mwariki, kando ya Ziwa Nakuru letu. Siku maji yalipozingira banda la kuku tukasema ni mvua, yatarudi. Nikawaza lango kuu la zamani la mbuga, tulikopiga picha ya darasa la nane, nalo limo majini. Na flamingo, wengi wakahamia Ziwa Bogoria chumvi ya ziwa ilipopungua. Yule mama nilimwonea wivu, sikufichi. Ziwa lao limerudi mahali pasipo na banda la kuku la mtu.

Mwishowe nikavua viatu. Baridi ya kuuma mifupa, na chini chumvi inachoma nyayo kama kokoto. Nilichovya kidole nikalamba: mbaya kuliko magadi. Ningekuletea kipande, lakini kuchukua hata kijiwe ni marufuku, na unajua ninavyowaogopa askari wa mbuga tangu ile siku ya nyani. Nikajifuta miguu kwa leso yako, nikaondoka.

Jioni nilipita kwenye vilima vya mchanga vya Mesquite Flat. Nyota za huko tutaongea tukikutana.

Juzi kaka amenipigia, anasema mapema mwezi huu mvua imepiga tena na ziwa limejaa upya. Wamefurahi mno. Pasaka ukija tuchukue pikipiki twende Mwariki tuone ya kwetu yamefika wapi. Mwambie mama asithubutu kutupa hati ya ploti.

Leso yako ninayo. Sijaifua bado, pindo lina weupe.

Ni mimi,
wako wa Nakuru