Kwa Mama Neema, kuhusu vitabu vya watoto

Mpendwa Mama Neema,

Bwana asifiwe. Barua yako ilinifikia Jumamosi, nikaisoma mara mbili. Nimefurahi mno kusikia kwamba Neema sasa anasoma mwenyewe. Umeniuliza umchagulie vitabu gani, na utajuaje kama kitabu kinamfaa mtoto unayemlea katika imani. Orodha ya majina sina, mama. Nitakueleza yaliyonipata mimi, maana ndiyo yaliyonifundisha.

Eliya alipokuwa na miaka sita nilimpatia kitabu kilichopendeza sana machoni: picha za rangi, na jina la Yesu karibu kila ukurasa. Kilisimulia habari za msichana ambaye mama yake aliugua. Msichana akapiga magoti, akaomba, na kulipokucha mama akaamka mzima. Tulikisoma usiku baada ya usiku hata Eliya akakijua kwa moyo. Kisha bibi yake akaugua. Mtoto akapiga magoti vilevile kama yule wa kwenye picha, akakunja na mikono vilevile. Wiki ya tatu bibi akafariki. Tulipotoka kuzika, Eliya aliniuliza, "Mama, kwani niliomba vibaya?"

Nililia, Mama Neema, na msiba ulikuwa nusu tu ya kilio changu. Mzigo ule nilikuwa nimemtwika mwanangu mimi mwenyewe. Kitabu kile hakikuwa na neno chafu hata moja, lakini kilimfundisha kwamba anayeomba vizuri hafiwi, nami nilipoona jina la Yesu nikatosheka, nisikipime. Mungu huponya, hilo naliamini na nimeliona. Lakini Paulo aliomba mara tatu mwiba wake umtoke, na haukumtoka. Bwana mwenyewe alilia alipokwenda kaburini kwa Lazaro. Mtoto aliyesomewa na habari hizo, siku ya msiba anajua kwamba hayuko peke yake.

Kwa hiyo siku hizi jambo la kwanza ninalouliza ni kama kitabu kinasema kweli. Utakumbuka Paulo anavyowahimiza Wafilipi wayatafakari mambo mema: ya kweli ameyataja mwanzoni kabisa, yaliyo safi yanakuja baadaye. Sisi wazazi tunaanzia kwenye usafi. Tunapekua tukitafuta matusi na picha za aibu, tusipoziona tunamkabidhi mtoto kitabu. Usafi ni lazima, wala sikuambii uulegeze. Ila kitabu kinaweza kuwa safi kama theluji na bado kikamdanganya mtoto juu ya Mungu, au juu ya moyo wake mwenyewe.

Hata vitabu vya hadithi za Biblia, vipime. Nyumbani tunacho kimoja cha Yona ambacho kinaishia pale samaki anapomtapika nchi kavu, halafu Yona anatabasamu, basi. Eliya akauliza, "Akawa mtu mzuri?" Nikachukua Biblia nikamsomea sura ya nne. Mama, ungemwona! Alishangaa kwamba nabii alikasirika kwa sababu Mungu amesamehe watu. Na pale mwishoni Mungu anapouliza, je, asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, tena wanyama wengi, Eliya aliruka kitandani: "Na wanyama!" Hapo ndipo penye moyo wa Mungu katika hadithi nzima, na kitabu chetu kilikuwa kimepaacha. Vingi hufanya hivyo. Daudi anakuwa mfano wa ushujaa, Danieli mfano wa utii, na mtoto anaambiwa awe kama wao, huku Mungu aliyewaokoa akiwa hatajwi tena. Mtoto wa namna hiyo akishindwa kuwa Daudi, atamkimbilia nani?

Umesema pia kuna ndugu kanisani aliyekuambia kwamba hadithi za kubuni ni uongo, mtoto wa Kikristo asizisome. Simdharau, najua anaogopa nini. Lakini nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi, alianza na hadithi ya mwana-kondoo wa maskini. Angeanza na "umezini, umeua," sijui kama mfalme angesikiliza. Yothamu, katika kitabu cha Waamuzi, alisimulia hadithi ya miti iliyotafuta mfalme. Na Bwana wetu alifundisha kwa mifano tangu pwani hadi njiani kuelekea Yerusalemu. Hadithi ya kubuni yaweza kubeba kweli kubwa. Mimi hutazama inamfanya mtoto ampende nani na atamani nini. Ikiwa mwongo anashinda kwa uongo wake na tunatakiwa kumpigia makofi, naifunga. Ikiwa uchawi unaonyeshwa kama nguvu ya kutamaniwa, naifunga pia. Lakini ubaya kuwamo tu hakunitishi. Biblia yenyewe inao tele, na inauita kwa jina lake.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: usijaze rafu kwa vitabu vya dini peke yake. Mwaka 1658 askofu mmoja aitwaye Comenius alichapisha kitabu cha picha kwa ajili ya watoto, kimoja kati ya vya kwanza kabisa vya aina hiyo. Alikuwa amefukuzwa nchini kwake kwa ajili ya imani, na tauni ilikuwa imemchukulia mke na watoto wawili. Kitabu chake kinaanza na Mungu, kisha ulimwengu, mbingu, moto, ndege, wadudu, mpaka namna mkate unavyookwa. Vyote humo ndani ni vya Mungu. Nampenda mzee yule. Basi mpe Neema kitabu cha nyuki na cha nyota bila wasiwasi, kilichoandikwa kwa uangalifu na kisichodanganya. Sulemani naye alinena habari za miti, ndege na samaki.

Na msome pamoja, hata kama anajua kusoma. Timotheo aliyajua maandiko tangu utoto, na nyuma yake tunamwona mama yake Eunike na bibi yake Loisi. Nisingekuwa kando ya Eliya na Yona yake, swali lile lingepita bila wa kulijibu.

Kuhusu bibi, nilimjibu kwamba aliomba vizuri sana, na kwamba Mungu alimsikia. Tulikaa kimya muda mrefu. Bado huniuliza mara kwa mara, nami humjibu.

Nisalimie Baba Neema. Mkianza Yona, someni hadi sura ya nne, kisha uniandikie Neema alisema nini alipofika kwa wanyama.

Ni mimi dada yako katika Bwana,
Mama Eliya