Laptopu ya zamani ukiitoa kabatini, usikimbilie kuichomeka

Wateja wetu wa Mtwara mjini, Mikindani na nyie mnaotuma mizigo kwa basi toka Lindi, ombi ni moja tu. Laptopu iliyolala miaka kabatini msiichomeke chaja eti tuone kama inawaka. Ileteni hivo hivo, mana nyingi zinaungua palepale kwenye kuonaona.

Mara nyingi tatizo sio uzee, ni betri. Zile Toshiba na ThinkPad za miaka ya 1990, ukiacha betri kubwa unayoijua, nyingi zina vibetri vingine humo ndani, kimoja cha saa na kingine cha kushikilia memori wakati unabadilisha ile kubwa, na vya nikeli vikizeeka vinavuja, yale maji yanakula shaba ya bodi taratibu mpaka njia zinakatika, sa we unaleta umeme juu ya uchafu ule, unategemea nini? Sisi tunafungua kwanza, tunang'oa vibetri, tunasugua kwa mswaki na siki kidogo, tunamalizia na spiriti, ikikauka kabisa ndo tunajaribu. Na chumvi ya bahari nayo haituachi, mashine iliyokaa Shangani ukiifungua unakuta skrubu zimeshika kutu. Na nyie mnaozika laptopu kwenye mchele eti ikauke, mchele jamani pikeni, laptopu haizikwi humo.

ThinkPad ikiandika 161 kwenye skrini unapoiwasha usiogope, kibetri cha saa kimeisha, na 163 ni saa na tarehe tu hazijawekwa. Chaja ndo ya kuogopa, hasa zile za kuchagua volti: ThinkPad T42 inataka 16, T60 inataka 20, soma kibandiko cha chini kabla hujageuza swichi.

Laptopu yenye diski inayogonga gonga izime, usiendelee kuiwasha. Tunakopi mafaili kwanza, mengine baadaye. Kisha kwenye zile za IDE, yani zenye ule mlango wa diski wa kizamani, tunaweka kadi ya memori ya CompactFlash na adapta yake badala ya diski, haina kinachozunguka na haipigi kelele, ila mashine nyingine za zamani hazioni zaidi ya GB 8 hivi kwahiyo usinunue kadi kubwa bila kutuuliza.

Kioo kilichoanza kunuka siki na kufanya mabaka, ile plastiki yake ya juu inaoza. Hapo tunatafuta kioo kingine, na kikikosekana tunakwambia kabla hujalipa chochote.