Twiga sio shingo tu, tazameni na ngozi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma karibu kila siku na kazi yenu naithamini, ila kuna kitu kinaniuma. Kila mkiandika habari za twiga ni shingo, ni urefu, ni watalii wameingiza dola ngapi, basi imeisha, yaani ile ngozi hakuna anayeigusa wakati maajabu mengine yako pale pale.

Sisi wa huku Babati, hifadhi ya Tarangire ni jirani, ukipita barabara ya Arusha pale Kwakuchinja ukiwa na bahati unawaona ukiwa ndani ya basi. Twiga wetu mabaka yake yamechanikachanika pembeni kama majani ya mzabibu, lakini ukienda kaskazini mwa Kenya, kule Samburu, unakuta twiga ana mabaka makubwa yenye kona kabisa, katikati kumepita mistari myeupe myembamba, mpaka unajiuliza hivi huyu ndo yule yule? Na hata ndani ya kundi moja hapa kwetu hakuna wawili wenye mabaka sawa. Rangi inaweza kukolea umri ukienda ila umbo la mabaka linabaki lile lile alilozaliwa nalo, ndo maana watafiti wa Tarangire hawana haja ya kumkamata mnyama wala kumvalisha kitu, wanampiga picha ya ubavu tu, programu ya kompyuta inalinganisha na picha za zamani, anajulikana ni nani.

Mwaka 2018 watafiti hao walitoa matokeo yao na mimi nikayasoma mara mbilimbili. Kumbe kuna mambo kwenye mabaka mtoto anayarithi kwa mama yake, mfano baka lilivyo la mviringo au pembeni lilivyo laini. Halafu watoto wenye mabaka makubwa yasiyo na umbo la kueleweka walisalimika zaidi ile miezi ya mwanzo, na miezi hiyo ndo simba na fisi wanawamaliza. Labda wanajificha vizuri kwenye vivuli vya miti, labda ni mambo ya joto, maana chini ya ngozi kila baka limezungukwa na mshipa wa damu unaotoa matawi kuingia ndani ya baka, na wataalamu wanaona hiyo inasaidia mwili kutoa joto. Sasa hapo nani atasema ni urembo tu?

Ila swali kubwa ni mchoro wenyewe unajichoraje. Alan Turing, yule mwanahisabati wa Uingereza aliyesaidia kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani kwenye vita ya pili ya dunia, mwaka 1952 aliandika kwamba kemikali mbili zikisambaa kwa kasi tofauti huku zinaathiriana, moja inachochea nyingine inazuia, basi zenyewe zinaweza kujipanga zikatoa madoa au mistari mahali ambapo mwanzo palikuwa sawa kote. Waliokuja baadae wakaendeleza hesabu wakaona sehemu nyembamba kama mkia madoa hayapati nafasi, yanaungana yanakuwa pete. Haya mtazameni duma, mwili mzima madoa, ncha ya mkia pete! Kwa twiga wataalamu bado wanachimba. Mimi ni mtu wa imani na wapo wanaodhani hesabu kama hizi zinampunguzia Mungu sifa, mimi kwangu zinamwongezea.

Kwa hiyo Mhariri naomba, ile kurasa ya utalii siku moja moja mpeni nafasi mtafiti wa wanyama aeleze haya kwa Kiswahili, watoto wa shule wasome. Na picha za twiga msitoe kichwa na shingo peke yake, toeni ubavu mzima, tena wawili kwenye picha moja, wasomaji watafute wenyewe tofauti.

Msomaji wenu,
Babati, Manyara