Miaka ya matangazo haikupotea

Ndugu Mhariri,

Ninalisoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Ila taarifa ile ya maonyesho ya mchoraji wa matangazo aliyestaafu, ambaye sasa anachora mitaa ya utoto wake, imenishinda kuinyamazia. Eti aligeuka msanii siku alipoachana na wateja!

Si kweli hata kidogo. Kila kilicho kizuri katika picha zile kimetoka kwenye meza ya matangazo. Kumbukumbu peke yake haijui taa ilining'inia upande gani wa mlango. Anayeijua kazi huanza na vichoro sita au kumi vidogo kama stempu, vya kupanga giza na mwanga tu. Hutafuta picha za zamani, hulinganisha vivuli ili jua lisitoke pande mbili, kisha hupiga miraba ya kukuzia mchoro: sentimita 2 kwenye karatasi, 10 kwenye turubai la kuchorea. Mchoraji Mmarekani Norman Rockwell, mwenye majalada zaidi ya 300 ya jarida la Saturday Evening Post kati ya 1916 na 1963, alipita njia hiyo hiyo ya maandalizi: picha za kamera, mchoro wa mkaa wenye ukubwa kamili, jaribio la rangi, ndipo turubai. Mmarekani mwenzake, mchoraji Edward Hopper, naye aliishi kwa kuchorea majarida hadi miaka ya 1920. Hao nao walipoteza muda?

Hatari iko kwingine, nanyi hamkuigusa. Mchoro wa tangazo hutakiwa kudumu hadi uchapwe, basi. Ukififia baadaye hakuna anayeuliza. Mchoraji akihamia kwenye picha za ukutani na maka peni zake, wino wa kung'aa na gundi ya mpira inayogeuka kahawia, anamuuzia mtu kitu kinachokufa. Kwenye maonyesho hayo hayo nilishuhudia picha ikitolewa kwenye fremu. Ukingo uliokuwa umefichwa, nusu sentimita tu, ulikuwa waridi mbichi. Anga yote iliyobaki ilikuwa rangi ya majivu. Mwenye picha alidhani ndivyo jioni ile ilivyochorwa! Wengine hupaka akriliki, rangi ya kuchanganya na maji, juu ya rangi ya mafuta kwa sababu inakauka haraka, kama walivyozoea kukimbizana na tarehe ya mteja. Haishiki, hubanduka kama ganda. Rangi ya mafuta ndiyo hukaa juu ya akriliki iliyokauka, na tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo litakauka kwanza na kupasuka. Vanishi husubiri miezi sita hadi mwaka. Haya yanafundishika kwa siku moja, lakini nani atayauliza ikiwa gazeti linasifu hisia tu?

Halafu ile picha mliyochapisha mmeikata pembeni, haina kipimo wala mwaka. Ndiyo maana watu wanauziwa nakala za mashine kwa jina la picha halisi, wakati kioo cha kukuzia kingewaonyesha vitone vya wino papo hapo.

Naomba kuanzia toleo lijalo muandike chini ya kila picha kimo, upana, aina ya rangi, ilichopakwa na mwaka. Na mwandishi wenu aombe angalau picha moja igeuzwe, asome mgongoni. Ile yenye anga la majivu haikuwa na hata neno moja.

Mtengeneza fremu na mchoraji