Risala ya kikundi cha benki ya vijidudu kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, meza kuu, walimu wetu na wageni wote, karibuni sana na asanteni kwa kutujali, tunajua ratiba yako imebana.

Historia hatuirefushi. Benki ya kwanza ya kugawa vijidudu kwa watafiti ilifunguliwa na mwanasayansi Král kule Prague mwaka 1890, yetu ilianza na rafu moja ya friji ya kuazima, na leo, mheshimiwa, benki hii ni nguzo ya utafiti, tunatunza bakteria na kuvu, orodha iko wazi mtandaoni na mtafiti akiomba tunampa bure.

Faida yake ni hii. Miaka ya 1960 mtafiti Thomas Brock alipata bakteria Thermus aquaticus kwenye chemchemi za moto za Yellowstone akamweka benki ya ATCC Marekani ili yeyote amtumie, baadaye kimeng'enya chake ndo kikarahisisha PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, ile ile iliyokuja kupima korona. Angemfungia kabatini kwake je? Na bila kijidudu chenyewe kutunzwa, mwingine atarudiaje jaribio ajue kama majibu ni ya kweli?

Sasa mheshimiwa, kilio chetu ni friza. Ile ya nyuzi 80 chini ya sifuri ni moja tu, imechoka, jenereta hatuna, umeme ukikatika usiku tunakesha maabara tunaomba Mungu urudi kabla barafu haijaanza kuyeyuka. Na kijidudu kikifa huwezi kwenda kukichukua tena, pengine udongo kilikotoka umeshajengewa. Uingereza, benki ya NCTC inaye mpaka leo bakteria wa kuhara damu aliyetoka kwa mwanajeshi mwaka 1915, sisi wa mwaka juzi tu tunaogopa kumpoteza!

Kwa heshima zote, friza hii tulishaahidiwa hapa hapa, na mgeni rasmi aliyepita na aliyemtangulia pia, tukapiga makofi, picha zikapigwa, barua za kukumbusha tumeandika mpaka tumechoka na jibu ni lile lile, suala linafanyiwa kazi. Hatusemi wewe ni kama wao mheshimiwa, tunakuamini kabisa, ila ahadi tunazo za kutosha. Tunachoomba ni friza na jenereta yake, na kabla hujaondoka utuachie tarehe kwa maandishi na mtu wa ofisini kwako tutakayemfuatilia, hata Jumatatu tuko tayari kuja.

Tunaomba kuwasilisha.